Kutuma Si Kufikisha

WAZEE wetu wa pwani walikuwa na desturi yao katika mambo ya barua. Mtu akiandika waraka Mombasa kumpelekea nduguye Lamu au Unguja, alimkabidhi nahodha au msafiri anayemwamini, na aliyeupokea alijua kuwa amepokea amana. Kazi yake haikwisha kwa kuutia waraka mfukoni, wala haikwisha kwa chombo kutia nanga. Ilikwisha pale waraka ulipotua mkononi mwa mwenyewe. Aliporejea aliulizwa kama amemwona, hakuulizwa kama ameubeba.

Nimeikumbuka desturi hiyo kwa sababu ya kisa kilichompata mtoto wa ndugu yangu mwaka 2024. Kijana huyo aliomba nafasi katika chuo kimoja cha ufundi huko bara, ambacho sitakitaja jina. Maombi yalijazwa kwa kompyuta, ada ikalipwa kwa simu, naye akaambiwa angoje jawabu kwa baruapepe. Akangoja. Kila siku baada ya alasiri alifungua simu yake, asione kitu. Wiki ya sita alipiga simu chuoni, akajibiwa ya kwamba barua ya kumkubali ilitumwa zamani, muda wa kuthibitisha umepita, na nafasi yake amekwisha kupewa mwingine.

Tulipotafuta vizuri tuliikuta barua ile imelala katika sanduku la barua taka, kati ya tangazo la kamari na maneno ya mtu asiyejulikana anayedai kuwa ana urithi wa mamilioni anaotaka kutugawia. Karani wa chuo alikuwa mkweli, maana alituma. Kijana naye alikuwa mkweli, maana hakuona. Kati ya wakweli wawili mwaka mzima wa masomo ukapotea.

Nikataka kujua ni nani basi aliyekosa. Niliambiwa kuwa mifumo ya maombi ya namna ile aghalabu haiundwi na vyuo vyenyewe, bali huundwa na vijana wa kampuni changa, na kwamba wengi wao siku hizi hawako Nairobi peke yake. Kwa kuwa nilikuwa na safari ya Embu na Meru, niliazimia kuwatafuta waifanyao kazi hiyo huko, niwaulize barua zao hupita wapi na hupotelea wapi.

Juu ya duka la agroveti

Sisi watu wa pwani tunaijua Meru kwa miraa na Embu kwa muguka, na mara nyingi hatuna habari zaidi ya hapo. Mwezi Mei 2024 muguka ulitugombanisha hasa, magavana wa Mombasa na Kilifi walipoupiga marufuku na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha amri zao kwa muda. Mtu aliyesoma magazeti ya siku zile angedhani kuwa watu wa kule hawana kazi nyingine ila kutuletea majani.

Lakini Meru kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichopewa hati yake mwaka 2013, na Embu kina chuo kikuu chake, kilichopata hati mwaka 2016. Kila mwaka hutoka vijana waliosomea mambo ya kompyuta. Baadhi yao huteremka Nairobi kutafuta kazi. Wengine hubaki, wakakodi chumba kimoja juu ya duka la agroveti au nyuma ya stendi ya matatu, wakaanza kuwaundia watu programu: shule inayotaka kukusanya karo, mnunuzi wa maziwa anayetaka kuandika kilo za kila mkulima, chama cha akiba na mikopo, zahanati, muuza makadamia. Ukiifuata barabara itokayo Embu kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru, mkono wa kulia na wa kushoto ni kahawa na chai, na karibu kila penye mizani ya kupimia mazao pana mtu anayetaka hesabu zake ziingizwe katika kompyuta.

Sasa programu yoyote ya namna hiyo ina kazi moja ambayo mteja haifikirii mpaka iharibike. Nayo ni kuandika barua. Mtu akijiandikisha, hupelekewa barua ya kuthibitisha kuwa anwani ni yake. Akisahau neno la siri, hupelekewa barua ya kumpa jingine. Akilipa, hupelekewa risiti. Akikubaliwa chuoni, hupelekewa barua ya kukubaliwa. Barua hizi haziandikwi na karani, huandikwa na mtambo wenyewe usiku na mchana, na kila moja ina mtu anayeingoja.

Tena nyingi kati yake hazina subira. Mkulima wa miraa wa Nyambene anajua zaidi ya sisi sote kuwa mzigo wake una saa zake. Huchumwa, hufungwa kwa majani ya mgomba ili usikauke, na gari likaenda mbio kwa sababu baada ya siku mbili au tatu hakuna atakayeutaka. Namba ya siri inayotumwa kwa baruapepe ili mtu afungue akaunti hunyauka upesi kuliko miraa, maana aghalabu hupewa dakika kumi tu. Ikifika dakika ya kumi na moja, imefika mfu.

Mpangaji na jirani mbaya

Swali langu la kwanza kwa vijana wale lilikuwa la kijinga kidogo. Ikiwa barua ni zenu na kompyuta ni yenu, kwa nini msizipeleke wenyewe?

Jawabu ni kwamba zamani mtu aliweza. Siku hizi ni taabu, na sababu yenyewe ni ya kijamii kabla ya kuwa ya mitambo. Kampuni changa haina jengo lake katika intaneti, hukodi chumba katika seva ya mtu mwingine, pamoja na wapangaji wengine ambao haiwajui. Ni kama nyumba yetu ya vyumba sita yenye ukumbi mmoja. Mpangaji wa chumba cha nne akiwa mwizi, polisi watagonga vyumba vyote, na fundi cherehani wa chumba cha pili atapata sifa asiyoistahili. Katika intaneti ziko taasisi zinazoandika orodha ya nyumba zenye wezi, mashuhuri zaidi ikiwa Spamhaus, iliyoanzishwa mwaka 1998. Anwani ya seva ikiingia katika orodha ile, barua za wapangaji wote hukataliwa mlangoni.

Isitoshe, makampuni makubwa yanayokodisha seva, kama Amazon na Google, huufunga kwa kawaida mlango namba 25, ambao ndio mlango wa kutokea barua tangu zamani. Wameufunga kwa sababu hiyo hiyo ya wapangaji wabaya.

Basi vijana hufanya kama wafanyavyo wenzao wa Nairobi, Kampala na kwingineko ulimwenguni. Huzikabidhi barua zao kwa posta za kukodi. Ziko nyingi, kama SendGrid, Mailgun, Postmark na ile ya Amazon iitwayo SES. Hizi zina magari yao, tuseme, na sifa yao kwa mabawabu wa dunia. Bei ya Amazon ni senti 10 za dola kwa barua 1,000, yaani kama shilingi 13 za Kenya. Lakini mgeni haachiwi atume apendavyo. Akaunti mpya hupewa ruhusa ya barua 200 tu kwa siku, tena kwa anwani zilizokwisha kuthibitishwa, mpaka ajieleze yeye ni nani na anataka kuwaandikia akina nani.

Ukiitazama njia yenyewe utastaajabu. Barua ya mnunuzi wa maziwa wa Embu kwenda kwa mkulima wa Runyenjes, mwendo wa matatu wa nusu saa, aghalabu huteremka hadi kwetu Mombasa, ikazama baharini katika waya kama ule wa TEAMS uliotua Mombasa mwaka 2009 na kuibukia Fujairah katika Falme za Kiarabu, ikafika kwenye seva za ng'ambo, ikapekuliwa, kisha ikarudi kwa njia kama hiyo hadi kwenye simu ya mkulima. Yote hayo kwa kufumba na kufumbua. Umbali basi si tatizo tena. Barua yaweza kuzunguka dunia na isipotee, ikafa mlangoni.

Barua isiyo na muhuri

Ili kufahamu yanayotokea mlangoni lazima turudi nyuma. Baruapepe ya kwanza ya kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao ilitumwa mwaka 1971 na Ray Tomlinson wa Marekani, na ndiye aliyechagua alama ya @ tunayoitumia hadi leo. Mwaka 1982 zikaandikwa kanuni za kupelekeana barua hizo. Waliozitunga walikuwa watu wachache wa vyuo na maabara, wanajuana, wala hawakufikiri kuwa mtu ataandika jina lisilo lake. Kwa hiyo kanuni zile zilimruhusu yeyote kuandika juu ya bahasha jina lolote alitakalo. Ingawa tayari mwaka 1978 mfanyabiashara mmoja, Gary Thuerk, alikuwa amewapelekea watu wapatao 400 tangazo la kompyuta ambalo hawakuliomba, ikawa ndiyo barua taka ya kwanza inayokumbukwa, hakuna aliyeweka kufuli. Mlango ukabaki wazi miaka mingi, na wezi wakaujua.

Dawa iliyopatikana baadaye haitamshangaza msomaji aliyesoma sira. Mtume, sala na salamu zimshukie, alipotaka kuwaandikia wafalme wa nchi za nje alielezwa kuwa wao hawasomi barua isiyotiwa muhuri. Ndipo ikatengenezwa pete ya fedha yenye nakshi, ikawa barua zinapigwa muhuri kwa hiyo. Mfalme wa mbali hamjui mwandishi kwa sura. Hujua muhuri.

Mihuri ya baruapepe ni mitatu, na inaitwa kwa herufi za kifupi. Wa kwanza ni SPF. Hiyo ni orodha ambayo mwenye jina la mtandaoni huitundika hadharani, akisema: matarishi wangu ni hawa na hawa, mwingine yeyote akija kwa jina langu ni mwongo. Wa pili ni DKIM, nao ndio muhuri hasa. Barua hupigwa alama kwa ufunguo wa siri ambao mwenye jina peke yake anao, na bawabu huikagua kwa ufunguo mwingine ulio wazi kwa wote. Herufi moja ikibadilishwa njiani, muhuri huvunjika. Wa tatu ni DMARC, ambao ni kama maagizo ya mwenye nyumba: ikija barua kwa jina langu nayo haina muhuri wangu, ipokeeni, au itupeni takani, au ikataeni kabisa.

Kwa miaka mingi mambo haya yalikuwa hiari. Mwezi Februari 2024 hiari ikaisha. Google na Yahoo walianza kudai kuwa kila anayetuma awe na walau mmoja kati ya mihuri miwili ya kwanza, na anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda kwa watu wa Gmail awe nayo yote mitatu, na katika matangazo yake aweke njia ya mtu kujiondoa kwa kubonyeza mara moja. Pia malalamiko ya wapokeaji yasifikie barua 3 katika kila 1,000. Microsoft wakafuata kwa sheria zinazofanana mwezi Mei 2025.

Walioshikwa ni nani

Matajiri wa barua, yaani mabenki na maduka makubwa ya mitandaoni, wana mafundi wao wa kazi hii. Hofu yangu ni kwa wadogo. Nilipokuwa Meru nilikaa baada ya adhuhuri na kijana mmoja aliyewaundia programu baadhi ya shule na wafanyabiashara, akanionyesha bila kuficha makosa waliyoyafanya yeye na wenzake. Nimeyapanga hapa kwa sababu naona yatawafaa na walioko Mombasa, Malindi na Lamu.

Kosa la kwanza ni la jina. Taasisi ndogo haina jina lake la mtandaoni, ina anwani ya Gmail iliyofunguliwa na katibu. Fundi anapounda programu huandika anwani hiyo juu ya bahasha, kisha akaikabidhi barua kwa posta ya kukodi. Bawabu wa Gmail huona barua inayosema imetoka kwake, ilhali yeye hakuitoa. Hapo haulizi mara mbili. Huitia takani, na kwa haki. Jina la mtandaoni la Kenya, lile linaloishia kwa .co.ke au .ac.ke, hulipiwa kwa mwaka fedha zisizofika bei ya gunia la mahindi. Shule yenye basi na bango la rangi kando ya barabara haishindwi na hilo. Inakosa tu mtu wa kuiambia.

Kosa la pili ni kuchanganya. Mteja akiona barua zinafika, hupata tamaa. Kwa nini tusiwapelekee watu wote matangazo ya muhula mpya, na salamu za mwaka, na picha za mahafali? Watu huchoka, wengine hubonyeza kitufe cha kusema hii ni taka. Bawabu huhesabu. Siku barua muhimu inapokuja kwa jina lile lile, huikuta sifa imekwisha kuharibika. Ada ya tangazo la picha za mahafali hulipwa na mtoto wa watu aliyekuwa akingoja kukubaliwa.

Kosa la tatu nimeliona mimi mwenyewe, na sijui kama fundi yeyote aweza kulitibu peke yake. Ingia saiba yoyote, iwe Makutano ya Meru, iwe Embu mjini, iwe Majengo kwetu Mombasa. Utamkuta mzee amekuja kutafutiwa cheti au kufunguliwa namba ya kodi. Serikali ilizindua huduma zaidi ya 5,000 katika eCitizen mwezi Juni 2023, kwa hiyo hana njia nyingine. Mtambo unadai anwani ya baruapepe. Mzee hana. Kijana wa saiba humfungulia pale pale, neno la siri likaandikwa nyuma ya risiti, risiti ikatiwa mfukoni mwa koti, na koti likafuliwa. Tangu siku ile barua zote za mzee huenda kwenye sanduku ambalo hakuna binadamu mwenye ufunguo wake. Mtambo unaripoti kwamba zimefika. Kweli zimefika. Zimefika kaburini.

Na kosa la nne ni la kutosoma zinazorudi. Posta za kukodi hutoa taarifa kila barua inapokataliwa, pamoja na sababu yake: anwani haipo, sanduku limejaa, muhuri haupo. Fundi mwangalifu huisoma taarifa hiyo, akaziondoa anwani mbovu, na mwombaji ambaye barua yake imekataliwa akapigiwa simu. Asiyeangalia huendelea kutuma kwenye anwani zisizokuwepo mpaka posta yenyewe ikamfungia, kwa maana kwa Amazon barua zilizorudi zikifika 10 katika kila 100 akaunti yaweza kusimamishwa. Barua ya kijana wetu haikurudi, hilo nalikubali. Ilipokewa, ikatupwa pembeni. Lakini mwombaji ambaye hajathibitisha kwa wiki tano, je, hakustahili hata kuulizwa?

Ujumbe wa simu ni mwokozi?

Vijana wengi niliozungumza nao wamepata njia ya mkato. Jambo lenye haraka hulipeleka kwa ujumbe mfupi wa simu. Nao wana hoja. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007, Mkenya amezoea kuwa habari ya kweli ya fedha zake huja kwa ujumbe mfupi, na mkulima asiyejua baruapepe ni nini anajua mlio wa simu yake. Yako pia makampuni ya humu humu yanayoirahisisha kazi hiyo, kama Africa's Talking iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010.

Lakini ujumbe mfupi una gharama. Hata tukisema ni nusu shilingi kwa kila mmoja, ujumbe 1,000 ni shilingi 500, penye baruapepe ni shilingi 13. Kwa mnunuzi wa maziwa mwenye wakulima mia nane wanaotaka kujua kilo zao kila siku, tofauti hiyo ndiyo faida yake. Tena ujumbe mfupi haubebi waraka. Barua ya kukubaliwa chuoni yenye orodha ya ada na vifaa haiingii humo. Na matapeli nao hawakukosa kuja huku, maana hakuna asiyewahi kupokea ujumbe wa kuombwa arudishe fedha zilizotumwa kimakosa.

Kwa rai yangu, busara ni kuvitumia vyote viwili kila kimoja mahali pake. Waraka uende kwa baruapepe, na ujumbe mfupi mmoja tu uende kumwambia mtu kuwa waraka wake upo, autafute, na akiukosa atazame katika taka. Lau chuo kile kingefanya hivyo, kwa gharama ya shilingi moja, kijana wetu asingepoteza mwaka.

Sanad na matni

Yuko atakayeuliza: Google ni nani hata awe bawabu wa barua ya Embu kwenda Runyenjes? Swali ni la haki. Watu wengi wa nchi hii wenye baruapepe wana ya Gmail, kwa hiyo kampuni moja ya ng'ambo ikibadilisha kanuni zake, fundi wa Meru hana mahali pa kukata rufani wala mtu wa kumpigia simu. Hiyo si hali ya kufurahia. Zamani Lamu Wajerumani walifungua posta yao mwaka 1888 na wakaifunga mwaka 1891, haikudumu hata miaka mitatu, na waliokuwa wakiitegemea wakatafuta njia nyingine. Anayetegemea posta ya mwingine huwa chini ya ratiba ya mwingine.

Hata hivyo sitaki kumlaumu bawabu peke yake. Bila yeye wazee wetu wangefurikwa na barua za wezi zinazojifanya za benki. Kanuni zake kwa sehemu kubwa ni zile ambazo muungwana angezifuata bila kuamriwa: taja jina lako la kweli, usimwandikie asiyekutaka, akisema basi uache. Sheria yetu wenyewe ya kulinda data, ya mwaka 2019, inataka mtu aridhie kabla ya kutumiwa matangazo ya biashara, na fundi wa Embu aliyeishika sheria ya Kenya yuko nusu ya njia ya kumridhisha bawabu wa Marekani.

Ila muhuri nao una mpaka wake. Wanazuoni wetu wanapopima habari hutazama sanad, yaani nani kaipokea kwa nani, na hutazama matni, yaani maneno yenyewe. Sina nia ya kulinganisha mambo ya dini na ya mitambo, ni mfano tu wa kufahamishia. Mihuri mitatu huthibitisha sanad: barua hii kweli imetoka kwa huyu. Haithibitishi kuwa huyu ni mwema. Mwizi naye aweza kununua jina la mtandaoni na kupiga muhuri safi. Kwa hiyo bawabu hutazama na matni, na hapa ndipo barua zetu hujiponza wenyewe. Barua ya kukubaliwa iliyokuwa takani ilikuwa na kichwa cha Kiingereza chenye herufi kubwa tupu, ikimhimiza mtu abonyeze hapa upesi kabla muda haujaisha. Haikumtaja kijana kwa jina lake. Ilifanana na maneno ya matapeli kuliko ilivyofanana na barua ya chuo.

Na chini yake iliandikwa usijibu barua hii. Maneno hayo yameenea sana katika programu, na anwani yenyewe huitwa ya kutojibiwa. Mimi huona ni utovu wa adabu. Kwetu barua huanza kwa salamu, na jawabu ya salamu ni wajibu. Mtu anayekuandikia jambo linalohusu maisha yako kisha akaufunga mlango wa jawabu, amekutangazia, hakukuandikia. Kijana wetu laiti angekuwa na anwani ya mtu wa kumuuliza katika wiki ya pili, asingengoja hadi ya sita.

Mashauri

Kwa vijana waundao programu, wa bara na wa kwetu, yaliyo juu yanatosha: jina lenu wenyewe, mihuri yote mitatu hata kama mwatuma barua chache, barua muhimu na matangazo yasiende kwa njia moja, na zinazorudi zisomwe kila siku. Kazi hiyo kwa anayeijua ni ya alasiri moja. Andikeni kwa Kiswahili, au kwa Kimeru na Kiembu penye wenyewe, na mtajeni mtu kwa jina lake.

Kwa wakuu wa shule na vyuo, msiridhike fundi akiwaambia zimetumwa. Mwulizeni ni ngapi zilizorudi, na ni wangapi ambao hawajathibitisha. Kisha mpatieni karani simu.

Na kwa sisi wengine, kila Ijumaa mtu anapokata kucha na kupanga nguo zake, na afungue na sanduku la barua taka. Ukikuta ya halali humo, bonyeza kuwa si taka, maana bawabu hujifunza kwa mkono wako. Mzee wa nyumbani mwulizeni neno lake la siri liko wapi, liandikwe mahali panapojulikana na mtu mmoja wa amana.

Kijana wetu aliomba tena mwaka 2025, chuo kingine. Safari hii hakungoja. Kila Jumatatu alipiga simu kuuliza, hata karani akaizoea sauti yake. Barua ilipotumwa, karani alimpigia mwenyewe kumwambia aitazame. Ilikuwa takani.